Mwaka Tuliokataa Kuhesabu

Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana wa tawi la chama, amesimama chini ya turubai la bluu, karatasi mkononi, kipaza sauti kikikoroma. Alisoma mwaka wa kuzaliwa, shule aliyosoma, miaka thelathini na moja aliyoitumikia reli, watoto sita, wajukuu kumi na mmoja, na ubalozi wa nyumba kumi ambao baba mdogo aliushika tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Alipofika mstari wa mwisho alinyamaza kidogo, akatupa jicho upande walikoketi wazee, kisha akasoma: marehemu alipatwa na changamoto ya upumuaji. Hakuna aliyeguna. Ilikuwa wiki ya tatu ya Februari 2021, mjini Morogoro, na pale msibani hapakuwa na mtu mzima hata mmoja ambaye hakuelewa maneno yale yalikuwa yanasitiri nini.

Kiswahili kina tafsida kwa ajili ya heshima. Hatusemi mtu amekufa, tunasema ametutoka au ametangulia mbele ya haki, na hakuna anayetulaumu kwa hilo. Lakini tafsida ile haikuwa heshima kwa marehemu. Ilikuwa hofu ya kutaja ugonjwa ambao, kwa kauli ya mkuu wa nchi, ulikwisha kuondoka. Kijana wa tawi hakuitunga yeye, maana wiki zile ilikuwa imeenea katika matangazo ya vifo, makanisani na misikitini, na kila aliyeisikia aliielewa papo hapo. Nafundisha somo la Uraia katika shule ya sekondari, kwa zaidi ya miaka kumi na minne sasa, na sijapata kuona siasa ya nchi ikiingia ndani ya sentensi moja ya msibani kwa ukaribu kiasi kile.

Wanaoandika juu ya athari za janga katika siasa huanza na uchumi ulioyumba, mikopo, na chaguzi zilizoahirishwa. Yote hayo yana uzito wake. Kwa upande wa Tanzania, hata hivyo, naamini UVIKO-19, yaani korona, iligusa jambo lililo chini zaidi ya hayo: nani ana mamlaka ya kuhesabu wagonjwa, nani ana haki ya kuutaja ugonjwa kwa jina lake, na itakuwaje nchi ambayo msimamo wake wote unakaa katika kinywa cha mtu mmoja pale mtu huyo anapobadili kauli, au anapoondoka duniani.

Ni rahisi kusahau kwamba mwanzoni tulikwenda vizuri. Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, Mtanzania aliyerejea kutoka Ubelgiji kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akazifunga shule kwa siku thelathini. Tuliwatoa wanafunzi wa bweni siku ileile, magodoro kichwani, na kituo cha mabasi cha Msamvu kilijaa watoto wenye masanduku ya bati mpaka giza lilipoingia. Wizara ikawa inatoa takwimu, watu wakajifunza neno barakoa, na kila duka likaweka ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Baba mdogo alinunua ndoo yake ya lita ishirini, akaifunga koki mwenyewe kwa mpira wa baiskeli ili isivuje, akaiweka langoni juu ya stuli, kisha akazunguka nyumba zake zote kumi akihimiza kila kaya ifanye vivyo hivyo. Aliifanya kazi ile kwa moyo kwa sababu aliamini ni agizo la Serikali, na yeye kwa agizo la Serikali alikuwa mtu wa kuamka alfajiri.

Kauli ya pili, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuanza kusikika. Tarehe 22 Machi, akiwa kanisani Dodoma, Rais John Magufuli aliuita ugonjwa huo shetani, akasema hauwezi kukaa katika mwili wa Kristo, na kwamba nyumba za ibada zisifungwe. Mwezi Aprili zikatangazwa siku tatu za maombi ya kitaifa, kuanzia tarehe 17 hadi 19. Sina ugomvi na maombi, nami niliomba pamoja na wengine. Lililonitia wasiwasi ni jinsi kauli hizi mbili, ya wizara na ya Ikulu, zilivyoanza kuachana njia mbele ya macho yetu, na kila mtumishi wa umma akawa anapima ni ipi aifuate.

Jibu lilipatikana Jumapili ya tarehe 3 Mei 2020, huko Chato. Rais alikuwa anamwapisha Mwigulu Nchemba kuwa Waziri wa Katiba na Sheria, akishika nafasi ya Balozi Augustine Mahiga aliyekuwa amefariki siku mbili kabla. Katika hotuba yake alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na ndege aitwaye kware zilipelekwa kwa siri katika maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na majibu yakaonyesha kwamba vina virusi vya korona. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Takwimu za nchi nzima zilikuwa zimefikia wagonjwa 480 tarehe 29 Aprili. Zikaongezwa za Zanzibar zilizoendelea kutolewa kwa siku chache zaidi, nchi ikawa na wagonjwa 509 na vifo 21. Hapo hesabu ikasimama. Kwa zaidi ya mwaka mzima, kila jedwali la dunia lililotaja Tanzania liliandika namba zilezile, 509 na 21, kana kwamba tangu siku ile hakuna Mtanzania aliyekohoa.

Nataka nilieleze hili vizuri, kwa sababu ndilo kiini cha ninachosema. Inawezekana kabisa kwamba maabara ilikuwa na kasoro, na kasoro ya maabara huchunguzwa na kurekebishwa. Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa wa namna nyingine: kipimo kilitiliwa shaka, kisha hesabu yenyewe ikafutwa. Serikali isiyohesabu haiwezi kuulizwa kwa nini idadi imepanda. Mbunge hana namba ya kushika mkononi anapouliza swali, mwandishi hana namba ya kuchapisha, na daktari hana namba ya kumwonyesha mkuu wake wa mkoa. Tayari tulikuwa na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo, zilizoweka adhabu kwa takwimu na habari zitakazohesabiwa kuwa za uongo, na kila mtu aliyewahi kufungua simu yake alijua uzito wa sheria hizo. Aprili 2020 gazeti la Mwananchi lilisimamishiwa leseni ya mtandaoni kwa miezi sita, na kutozwa faini, baada ya kuweka picha ya Rais akinunua samaki katikati ya umati. Baada ya hapo wahariri hawakuhitaji kuambiwa tena.

Bungeni hali ilikuwa hivyohivyo. Ndani ya siku chache, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, wabunge watatu walifariki, akiwamo Balozi Mahiga, na chanzo cha vifo vyao hakikuhusishwa rasmi na korona. Chama cha upinzani, CHADEMA, kikawataka wabunge wake wakae nje ya Bunge kwa wiki mbili na kujitenga. Spika Job Ndugai akawaita watoro, akawataka warudishe posho walizokwisha kulipwa. Wabunge wanne wa chama hicho waliokaidi agizo la chama na kuendelea kuhudhuria walifukuzwa uanachama. Kwa hiyo ugonjwa uliingia katika siasa za vyama kwa mlango wa nidhamu: upande mmoja mbunge aliadhibiwa kwa kutokuja, upande wa pili aliadhibiwa kwa kuja, na kati ya pande hizo hapakupatikana hata siku moja ya mjadala wa maana juu ya vitanda, mitungi ya oksijeni na wauguzi. Katikati ya Mei, Naibu Waziri wa Afya, Dkt. Faustine Ndugulile, naye akaondolewa.

Mwanzoni mwa Juni, tena kanisani Dodoma, Rais akatangaza kwamba Mungu amejibu maombi na korona imeondoka. Vyuo na kidato cha sita walikuwa wamekwisha kurudi tarehe 1, shule nyingine zikafunguliwa tarehe 29. Baba mdogo aliishusha ndoo yake kutoka kwenye stuli, akaing'oa koki, akaipeleka bandani ikawa ya kuwanyweshea kuku.

Haki inanidai niseme upande wa pili pia, kwa sababu nimeishi nao. Uamuzi wa kutowafungia watu ndani uliwapendeza watu wengi wasio na mshahara, na sababu zao hazikuwa za kijinga. Mama mdogo anauza vitumbua na chai karibu na reli. Siku asipouza, jioni hakuna mboga. Tulisikia kutoka Kenya habari za amri ya kutotoka usiku na za polisi waliowapiga watu mabarabarani, na hapa watu wakashukuru kwamba yao hayakuwa hayo. Uchumi wetu ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, wakati nchi nyingi zilirudi nyuma, ingawa watalii waliokuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 walishuka hadi takriban 620,000 na vijana wa Arusha na Unguja waliokuwa wakiwapokea wakarudi kwao mikono mitupu. Hoja ya kutofunga nchi ilikuwa na nguvu, ingeweza kutetewa kwa takwimu hadharani na huenda ingeshinda. Mpaka leo sielewi kwa nini ilibidi itetewe kwa kuficha takwimu.

Wala hatukuwa peke yetu katika kuligeuza janga kuwa chombo cha siasa. Uganda walifuata njia iliyo kinyume kabisa na yetu: waliukiri ugonjwa, wakaweka masharti makali ya kampeni kuelekea uchaguzi wa Januari 2021, na masharti hayohayo ndiyo yaliyotumika kumkamata mgombea wa upinzani Robert Kyagulanyi, maarufu Bobi Wine, tarehe 18 Novemba 2020 huko Luuka; katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya hamsini waliuawa. Burundi walipiga kura tarehe 20 Mei 2020, mikutano ya kampeni imefurika, siku chache tu baada ya kuwafukuza wawakilishi wa Shirika la Afya Duniani, na waangalizi kutoka nje wakaambiwa kwamba wakija watakaa karantini siku kumi na nne kwanza. Nimelifikiria sana jambo hili. Penye mamlaka yasiyoulizwa, kukiri kuwapo kwa ugonjwa na kuukana vyote vinaweza kumfikisha mtawala mahali pamoja.

Kwetu, kuukana ndiko kulikoingia katika kampeni. Kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka tarehe 27 Oktoba 2020 viwanja vilijaa, watu wamebanana bega kwa bega, na ushindi dhidi ya korona ukawa sehemu ya sifa za mgombea wa chama tawala, CCM, pamoja na reli ya kisasa, bwawa la umeme la Mwalimu Nyerere, na habari ya Julai kwamba Benki ya Dunia imeiweka Tanzania katika daraja la nchi za uchumi wa kati wa chini. Tume ikamtangaza Rais Magufuli mshindi kwa asilimia 84, Tundu Lissu wa CHADEMA akiwa na 13. Upinzani uliyapinga matokeo, ukabaki na viti vya majimbo vya kuhesabika kwa vidole bungeni. Baba mdogo alivaa shati lake la kijani la CCM siku tatu mfululizo. Sitamcheka kwa hilo hata chembe. Alikuwa mtu aliyeiona treni ikifa mikononi mwake na akaiona reli mpya ikijengwa kabla hajafa, na kwake kiongozi aliyefanya hivyo hakuwa mtu wa kusema uongo.

Januari 2021 watu wakaanza kufa tena. Unalijua hilo mtaani kabla halijaandikwa popote: maturubai hayashuki, fundi wa majeneza halali, na kwenye simu kila kundi la ukoo linageuka kuwa daftari la rambirambi. Tarehe 27 mwezi huo, Rais akiwa Chato, aliionya Wizara ya Afya isikimbilie chanjo za kutoka nje, na siku chache baadaye Waziri wa Afya mpya, Dkt. Dorothy Gwajima, akasema nchi haina mpango wa kuzipokea. Tukaelekezwa kujifukiza. Sina dharau na nyungu. Nimekua nayo, na mvuke wa mkaratusi huleta nafuu kwa mtu aliyebanwa na mafua. Lakini nafuu ya mafua na tiba ya mapafu yaliyojaa ni vitu viwili.

Baba mdogo aliugua siku ya Alhamisi. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, blanketi zito la kijivu limemfunika mpaka miguuni, chini yake sufuria ya majani ya mkaratusi, mchaichai, tangawizi na maganda ya limao ikitoa mvuke. Mama mdogo alikuwa anahesabu dakika kwa saa ya simu. Blanketi lilipofunuliwa uso wa baba mdogo ulikuwa unatiririka jasho, na midomo ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Nikamwambia twende hospitali. Akanijibu kwa upole, akivuta pumzi kati ya neno na neno, kwamba korona imekwisha, mwanangu, hii ni vichomi tu. Tulimpeleka Jumamosi, alipokuwa hawezi tena kukataa. Hospitali tuliyokwenda ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni kwa wodi ile, na wenye kuuhitaji walikuwa watano. Muuguzi aliyetupokea alikuwa amevaa barakoa mbili, na nilipomuuliza huu ni ugonjwa gani alinitazama muda mrefu, akasema, 'Kaka, wewe si mwalimu? Basi usiniulize.' Baba mdogo alifariki Jumatatu, kabla ya swala ya alfajiri kuadhiniwa msikiti wa jirani. Cheti kiliandikwa nimonia. Tulipofika nyumbani kuandaa msiba, ndoo ilikuwa imeoshwa na kurudishwa langoni juu ya stuli yake, na hakuna aliyesema ni nani aliyeirudisha.

Siku mbili baadaye, Jumatano ya tarehe 17 Februari, nchi iliwapoteza kwa siku moja Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, na Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Chama cha Maalim Seif, ACT-Wazalendo, kilikuwa kimetangaza wazi mwishoni mwa Januari kwamba amepimwa na kukutwa na UVIKO-19, na tangazo lile lilifanya kazi ambayo wizara nzima haikuifanya. Wiki iliyofuata Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alionekana mbele ya kamera nje ya hospitali moja Dodoma akikohoa mfululizo, akitaka kuthibitisha kwamba uvumi wa kifo chake ni uongo. Maaskofu Katoliki walikuwa wamewaandikia waumini waraka wa tahadhari, na Katibu Mkuu wa Baraza lao, Padri Charles Kitima, akasema mwanzoni mwa Machi kwamba ndani ya miezi miwili kanisa lilipoteza mapadri zaidi ya 25 na watawa wa kike wapatao 60. Kanisa lilihesabu watu wake. Ndilo jambo ambalo Serikali ilikuwa imeliacha, na kwa kulifanya tu kanisa likawa limeingia katika siasa bila kutoa hotuba ya kisiasa.

Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu aliwaambia waumini mkoani Njombe kwamba Rais yupo na anaendelea na kazi, na watu kadhaa wakakamatwa kwa kuandika mtandaoni kwamba ni mgonjwa. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021, mwaka mmoja kamili tangu shule kufungwa, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Rais amefariki kwa maradhi ya moyo katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Taarifa rasmi ni hiyo. Watu wengi hawakuiamini, na hapa ndipo gharama ya kutohesabu ilipojionyesha yote: Serikali iliyokaa kimya kwa miezi kumi juu ya vifo vya raia haikuwa na akiba ya kuaminiwa ilipolazimika kutangaza kifo cha Rais. Hata kama kila neno la tangazo lile lilikuwa kweli, lilitua katika masikio yaliyokwisha kuzoea changamoto ya upumuaji.

Katiba ilifanya kazi yake. Ibara ya 37(5) inasema Makamu wa Rais ataapishwa kumalizia kipindi kilichobaki, na tarehe 19 Machi akaapishwa, mwanamke wa kwanza kuishika nafasi hiyo nchini. Niliwasomea wanafunzi ibara ile neno kwa neno, na nilijisikia fahari, kwa sababu katika majuma yale ya hofu ilikuwa ni mara ya kwanza kuona kitu kilichoandikwa kikiwa na nguvu kuliko kauli.

Fahari hiyo haikudumu kama nilivyotaraji. Tarehe 6 Aprili Rais Samia alisema ataunda kamati ya wataalamu kuhusu korona, kwamba nchi haiwezi kujitenga kama kisiwa. Kamati ikatoa mapendekezo yake Mei, takwimu zikaanza kutolewa tena, na Julai zikawasili dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson. Tarehe 28 Julai Rais alichanjwa mbele ya kamera Ikulu. Waziri wa Afya alikuwa yuleyule wa Februari, na sasa alikuwa anawahimiza wananchi kuchanja. Wakuu wa mikoa waliokuwa wakihimiza nyungu walihimiza chanjo, na kwa sauti ileile. Nilichanja Agosti, nikampeleka na mama mdogo, nami nilishukuru kutoka moyoni kwa mabadiliko yale. Ila nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati nikisubiri zile dakika kumi na tano, niliwaza kwamba zamu hii tumegeuka kwa njia ileile tuliyogeuka zamu ile. Kauli ilibadilika juu, ikateremka.

Aliyekataa kugeuka naye alishughulikiwa kwa njia ileile. Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM, aliendelea kuipinga chanjo kanisani kwake. Nayapinga aliyoyasema, na naamini yaliwadhuru watu. Lakini mwishoni mwa Agosti 2021 Bunge lilimsimamisha kwa mikutano miwili, chini ya Spika yuleyule aliyewadai posho wabunge wa CHADEMA waliojitenga kwa kuiogopa korona. Mwaka mmoja mbunge aliadhibiwa kwa kuuchukulia ugonjwa kwa uzito kuliko Serikali ilivyotaka, mwaka uliofuata akaadhibiwa kwa kuuchukulia kwa wepesi kuliko Serikali ilivyotaka. Kipimo cha kosa kilikuwa umbali kutoka kwenye kauli ya Ikulu.

Kisha zikaja fedha. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dharura wa dola milioni 567.25, takriban shilingi trilioni 1.3, na nchi kutaka kuupata ilibidi ihesabu, itoe takwimu na iwe na mpango wa chanjo. Sehemu yake ilikwenda kwenye ujenzi wa madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, na Januari 2022 wanafunzi waliofaulu darasa la saba waliingia kidato cha kwanza wote kwa mara moja, pasipo kusubiri chaguo la pili. Mikutano ya hadhara ikajaa sifa za Mama, yaani Rais Samia, aliyeleta fedha. Mkopo wa ugonjwa ukawa mtaji wa kisiasa, kama ushindi dhidi ya ugonjwa ulivyokuwa mtaji mwaka uliotangulia.

Desemba hiyo Spika Ndugai, akizungumza na watu wa kwao Dodoma, alihoji mwendo wa kukopa wakati wananchi tayari wanakatwa tozo za miamala ya simu, akaonya kwamba ipo siku nchi itapigwa mnada kwa madeni. Aliomba radhi tarehe 3 Januari 2022. Kesho yake, katika hafla ya kupokea taarifa ya matumizi ya fedha hizohizo za UVIKO-19, Rais alionyesha wazi kwamba hakuridhishwa na kauli ile kutoka kwa mkuu wa mhimili. Tarehe 6 Januari Spika alijiuzulu. Mtu aliyekuwa ameongoza Bunge katika misimamo yote miwili, ya kuukana ugonjwa na ya kuukiri, aliondoka kwa sababu ya swali kuhusu deni, swali ambalo kuliuliza ndiyo kazi ya Bunge.

Takwimu rasmi zilipokuja kufungwa miaka michache baadaye, Tanzania ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo 846. Kati ya Mei 2020 na katikati ya 2021 idadi ya vifo ilikaa palepale, 21, kwa hiyo baba mdogo hayumo katika 846. Hayumo pia yule mzee wa kitanda cha pili aliyekuwa akigawana naye mtungi, wala mapadri wale, wala mafundi na walimu wenzangu wawili tuliowazika mwezi uleule.

Shuleni kwetu tulipata madarasa matatu kutokana na fedha zile. Langu la kidato cha pili liko la mwisho, karibu na mwembe. Bati lake bado linang'aa, na juu ya mlango maandishi ya rangi ya bluu yanaeleza limejengwa kwa mpango gani na mwaka gani. Kila muhula wa kwanza nachora ubaoni visanduku vitatu, Serikali, Bunge na Mahakama, na mishale ya kuonyesha jinsi mihimili inavyosimamiana. Mtaala unataka nitoe mfano wa hivi karibuni kwa kila mshale. Kwa mshale unaotoka kwenye Bunge kwenda kwenye Serikali, nimetafuta katika kumbukumbu za miaka ile miwili siku ambayo Bunge lilijadili na kupiga kura juu ya namna nchi itakavyoukabili ugonjwa uliojenga chumba tulichokaa. Nimesoma nilichoweza kukipata, na mwenye mfano namwomba aniandikie. Mwaka huu nao niliuchora mshale ule, nikaandika jina lake, nikaacha nafasi ya mfano wazi, na wanafunzi wakainakili kwenye madaftari yao kama ilivyo.